Uliza Damu Ikiwa Bado Kidogo

Nakumbuka siku moja ya kupalilia pamba hapa Nyamuswa, mjukuu wangu, nikiwa bado mke mgeni. Wifi yangu Nyangeta alijifungua mchana. Mtoto akalia vizuri, kondo la nyuma likatoka, tukaanza kucheka. Halafu nikaona damu inatoka chini ya ngozi ya ng'ombe aliyolalia, inakuja mpaka miguuni kwangu. Haikomi.

Mkunga wetu, Mama Wakuru, alikuwa hodari. Lakini wakunga wa siku zile kila mmoja alikuwaga na nyumba zake za kuzalisha, na aliyemwita mwenzake alionekana ameshindwa. Uzazi unaofuata anaitwa yule mwingine. Nikasema nikimbie ng'ambo ya mto nikamlete mkunga wa kule. Akanijibu bila kunitazama, "Kaa chini. Wewe umezaa wangapi?"

Nikakaa. Midomo ya Nyangeta inageuka majivu. Akauliza mbona giza limeingia, na jua lilikuwa utosini.

Mama mkwe ndiye aliyetoka kwenda kumwita, hakuomba ruhusa. Yule mkunga wa pili alipofika alimweka mtoto anyonye ziwa la mama yake, akasugua tumbo kwa nguvu, na Mama Wakuru akabana palipochanika. Damu ikapungua. Nyangeta alipona, ila hakushika jembe tena msimu ule. Mama mkwe akawaambia wote wawili, "Mkioneana haya tena, kwangu msikanyage."

Hofu ile ilinirudia Jumapili, uliponiambia wauguzi wakunga wenzako wa Musoma, Bunda na Butiama wana umoja wao, wanakutana, wanaulizana kwa simu, na wewe umekataa kuingia. Ulisema, "Bibi, nikiuliza watasema sijui kazi." Nawe uko peke yako kwenye zahanati ile ya upande wa Buhemba. Tangu hapo chakula hakinipiti.

Mimi shule niliiona kwa nje, lakini hili nililiona kwa macho. Watasema, ndiyo. Waache waseme, kesho watauliza wao. Ingia kwenye umoja huo wiki hii. Uliza mapema, damu ikiwa bado kidogo, usingoje mpaka mama anaona giza. Na mwenzako akiuliza, mjibu, usimcheke.

Mungu aishike mikono yako, mjukuu wangu. Kila mama atakayeingia kwako, atoke kwa miguu yake, amembeba mwanawe.