Oili Nyepesi Kwenye Pikapu ya Baba

Fundi wa Ngarenaro alifungua galoni ya oili ya sintetiki aliyotaka kuiweka kwenye gari langu jipya, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kwenye pikapu kuukuu ambayo baba aliitumia kushushia ndizi kutoka Meru.

Asubuhi moja pikapu hiyo ilimbeba shangazi yangu kumpeleka hospitali, akiwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mama alikuwa amemwonya baba, "Injini hii imechakaa, imezoea oili nzito ya kawaida. Hiyo nyepesi ya sintetiki itavuja."

"Nimeambiwa ndiyo bora kuliko zote," baba alijibu, na alikuwa ameshaimimina.

Njiani nikasikia mlio kama wa nyundo chini ya miguu yangu, kisha kishindo, na pikapu ikasimama. Baba alifungua boneti. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na nyuma yetu mchirizi wa oili ulianzia nyumbani. Akaganda, mikono kichwani. Sikuwahi kumwona baba akikosa la kufanya, na hilo lilinitisha kuliko vilio vya shangazi.

"Baba watoto, achana na injini," mama alisema. "Vua shati."

Mtoto alizaliwa palepale juu ya majani ya migomba, mbele ya macho yangu. Mama akamfunga kwenye shati lile. Mtoto alikuwa kimya. Aliyeanza kulia ni baba, ameketi vumbini, kwa sauti nisiyoijua, na ndipo mtoto naye akalia.