Pampu Aliyoichagua Fundi Nestory

Nestory Luhaga alikuwa fundi baiskeli wa Buhongwa, na ninaposema fundi sina maana ya kila mwenye spana mbili na kopo la gundi. Huyu alikuwa fundi hasa. Wauza mkaa waliotoka Usagara na magunia nyuma ya baiskeli zao wakipata pancha njiani, walikuwa radhi kukokota mzigo wote ule, wakapita vibanda vya watu wengine wakiitwa na kupungiwa mikono, mpaka wafike kwake. Na kwenye pampu ndiyo hakuwa na mpinzani. Unamletea pampu, anaziba mdomo wa mpira wake kwa kidole gumba, anasukuma mpini mara moja tu, halafu anakwambia: hii washa yake ya ngozi imekauka, itie mafuta, au hii katupe. Akishasema, imekwisha.

Kazi ile alifundishwa na baba mkwe wake, marehemu mzee Shimba, ambaye alipokaribia kufa alimwachia sanduku lake la vifaa na kibanda chenyewe cha barabarani. Kwa miaka mingi sanduku lile ndilo lililomlisha Nestory, mkewe Tereza na binti yao Modesta.

Halafu ikaja biashara huria. Jamani, tuliishangilia! Maduka yakajaa, sabuni haikuwa tena ya foleni, na kila duka la vipuri likawa na spoku mpya zinazometameta. Spoku zenyewe zilipinda kabla mteja hajafika nyumbani. Tyubu zilipasuka kwa jua tu, gundi haikushika hata karatasi. Na mteja hamlaumu aliyetengeneza tyubu huko ng'ambo, anamlaumu aliyeitia kwenye gurudumu. Wakaanza kumrudia Nestory wakifoka, kisha wakaacha hata kurudi. Mtu aliyekuwa akisifiwa mpaka Misungwi akaitwa tapeli barabarani, mbele ya mkewe. Tangu hapo akawachukia wenye maduka kwa moyo wake wote. Kwake yeye, muuza duka akifungua mdomo ilikuwa ni uongo unatoka.

Mwaka ule wa mvua za Elinino, kibanda kilipokuwa hakiingizi hata chumvi, akapata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege. Usicheke. Nyuma ya kiwanda yalikuwa yanatupwa mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, na korongo na kunguru walikuwa wanajaa pale mpaka paa halionekani. Walikunya kila mahali. Na wakaguzi wa kutoka Ulaya walikuwa wanakuja, watu ambao wakiona kinyesi cha ndege karibu na samaki, basi samaki wenu mtakula wenyewe.

Meneja alikuwa ameleta bunduki ya upepo kwa ajili hiyo. Si zile za kukunja mtutu ambazo vijana walikuwa wanawindia njiwa, hapana. Hii ilikuwa na mtungi wake mwembamba chini ya mtutu, unajazwa upepo wa presha kali sana, halafu unapiga risasi nyingi bila kishindo. Upepo wenyewe waliupata kwa wapiga mbizi waliokuwa wanatengeneza bomba la maji la kiwanda ndani ya ziwa. Nestory akajifunza kulenga, akawa hodari, na korongo wakaanza kumjua hata kwa kofia. Lakini bomba lilipokamilika wapiga mbizi wakaondoka na mitungi yao, na bunduki ikabaki fimbo tu. Korongo wakarudi siku ile ile.

Meneja akamwita ofisini. "Nestory, wakaguzi wanakaribia. Paa likiwa safi, nakuandika ajira ya kudumu. Likiwa chafu, sitakuwa na kazi yako tena. Pale mjini kuna duka limeleta pampu za mkono kutoka Nairobi. Nenda kachague moja. Wewe si ndiye fundi wa pampu?"

Ajira ya kudumu! Mtu mwenye mvi, aliyekuwa anasubiri kila asubuhi getini kuona kama leo ataitwa. Na juu ya hayo, kuulizwa ushauri kwa mambo ya pampu! Tangu aingie kiwandani pale hakuna aliyewahi kumwuliza kitu zaidi ya "umeshafagia?" Nestory alitoka ofisini kichwa kimevimba. Akampitia Okomo, mlinzi wa getini, mtu wa Shirati na rafiki yake wa kugawana naye muhogo wa mchana, akamwambia, "Ndugu yangu, leo wamekumbuka kwamba mimi ni nani."

Dukani alimkuta muuzaji, kijana anaitwa Chenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe pampu za upepo mkali."

Chenge akatoa mbili. Moja ilikuwa nene, fupi, imepakwa rangi nyekundu, na saa yake ya presha kubwa kama sahani ya chai. Nyingine ilikuwa ndefu na nyembamba, imejaa vumbi, na bei yake ilikuwa ya kutisha.

"Ni ya kazi gani, mzee?"

"Bunduki ya upepo."

"Basi chukua hii nyembamba. Hiyo nene ni ya matairi ya lori."

Nestory alifanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akaishika ile nyembamba, akaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, akasukuma. Kikatoka kiupepo kama cha mtu anayepuliza uji. Akaichukua ile nene. Aliposukuma mara moja tu, kidole kikaruka chenyewe. Haikumtosha. Akaomba baiskeli iliyokuwa nje ya duka, akatoa upepo wa gurudumu la nyuma, akajaribu tena. Ile nyembamba alisukuma mpaka kwapa zikalowa na tairi bado limelala. Ile nene ikalisimamisha mara moja. Watu waliokuwa wanapita walisimama kutazama, na wote wakaona. Kila mtu wa barabara ya Shinyanga anajua kwamba pampu inapimwa kwa tairi.

"Mzee, kwa tairi ndivyo ilivyo," Chenge akasema. "Nyembamba inaleta upepo kidogo kidogo, lakini inaushindilia. Presha ya bunduki huwezi kuisukuma na pampu nene. Hata ukiikalia."

"Kijana, una umri gani?"

"Mzee, mimi..."

"Nilianza kushika pampu mama yako hajaolewa. Hii ina vumbi kwa sababu imekudodea. Mmeshindwa kuiuza, sasa mnamtafuta mjinga wa kubeba. Nyinyi ni wezi! Mmetuuzia spoku za bati, mmetuuzia gundi ya maji, leo mnataka kunifundisha pampu!"

Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Chenge akafunga ile nene kwenye karatasi. Nestory akatoka amejaa raha, mtu aliyelipiza miaka mingi ya kuonewa kwa dakika chache. Akapita kwa wachonga vyuma, akachongewa kichwa cha kuunganisha mpira wa pampu na mtungi wa bunduki, na kwa kweli kilichongwa vizuri, hakikuvuja hata kidogo.

Basi, siku ya pili meneja akasimama kutazama. Nestory akasukuma. Mwanzoni ilikwenda vizuri mno, mshale wa saa unapanda, yeye anatabasamu. Kisha mpini ukaanza kuwa mzito. Akauegemea kwa kifua. Ukawa mzito zaidi, na mshale haujafika hata robo ya pale unapotakiwa. Akamwita Okomo, na Okomo ni pande la mtu. Wakauning'inia wawili, miguu yao imetoka ardhini, na mpini umesimama juu haushuki. Wafanyakazi wakatoka na aproni zao za damu ya samaki kuja kuangalia maajabu. "Rukeni!" mmoja akapiga kelele. Wakaruka. Ikasikika pah! Washa ikapasuka, mpini ukapinda, na Nestory akaanguka kwa kidevu juu ya ile saa kubwa.

Hakuna aliyeweza kujizuia kucheka. Meneja peke yake hakucheka.

"Hii ndiyo uliyoichagua?"

"Bosi, kuna ile nyingine, nyembamba..."

"Kwa nini hukuichukua?"

Angejibu nini? Kwamba aliambiwa waziwazi na akamtukana aliyemwambia?

"Nimekupa nafasi yako ya kuchagua, na umeshachagua. Sinunui nyingine. Juu ya ndege tafuta njia unayoijua mwenyewe. Wakaguzi wakija, paa liwe safi."

Siku zilizofuata alikimbia kuzunguka kiwanda na manati na mawe, mzee mzima, na korongo wanamtazama kwa dharau, wanaruka kwenye paa hili wanatua kwenye lile. Usiku halali. Aliwaza ajira ya kudumu, aliwaza kibarua, kisha akaona kuna njia moja tu. Jumamosi alifungua kibanda, akatoa sanduku la mzee Shimba, na spana zake zote, na pampu zake mwenyewe, akaviweka rehani kwa fundi mmoja wa Buzuruga aliyekuwa akilitamani sanduku lile siku nyingi, akapewa pesa. Hakumwambia Tereza. Alijiambia kwamba akiandikwa tu atalikomboa, na mke hatajua kitu. Loo, mwanamume akishaanza kujiambia mambo peke yake!

Kwa Chenge alikwenda kofia mkononi.

"Mwanangu, nimekuja kuchukua ile nyembamba."

Chenge akamtazama. "Ya wezi?"

"Nisamehe. Nilikosa."

"Mzee, ulinitukana mbele za watu. Leo kwa nini umekuja hakuna watu?"

Nestory akainamisha kichwa. Chenge hakumpunguzia hata senti. Akaifuta pampu vumbi, akampa.

Jumatatu asubuhi alifika getini mapema, pampu begani. Okomo alipomwona akasimama haraka.

"Nestory, subiri kwanza. Kabla hujafanya lolote, ndugu yangu, kuna jambo..."

"Hakuna jambo. Nipe bunduki."

"Nisikilize kwanza, bwana!"

"Okomo, ulining'inia na mimi kwenye ule upuuzi. Leo nitazame tu."

Akaunganisha, akasukuma pale pale kwenye kibanda cha mlinzi. Polepole, mpini unashuka kwa uzito ule ule, hauongezeki sana, hauruki, na mshale unapanda kwa ukaidi. Yule kijana alikuwa amesema kweli tupu. Jasho lilimtiririka, na machozi pia, ya furaha. Mshale ukafika. Okomo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amegeuza uso pembeni.

Nestory akabeba bunduki mpaka nyuma ya kiwanda, akainua mtutu, akatafuta shabaha. Hakukuwa na korongo hata mmoja. Juu ya yadi yote, kutoka paa hadi ukuta, pametandazwa nyavu kuukuu za kuvulia sangara, zimefungwa kwa kamba imara, na chini yake vibarua wawili wanamalizia kukaza fundo la mwisho. Korongo walikuwa mbali, kwenye mawe ya ufukweni, wameduwaa.

Meneja akatokea. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Aa, Nestory. Tumefunga nyavu tangu jana. Mvuvi mmoja ndiye aliyetoa wazo, sijui kwa nini hatukufikiri mapema. Bunduki irudishe stoo."

"Na pampu, bosi? Nimeipata ile yenyewe. Inajaza."

"Pampu gani? Mimi sikukutuma pampu." Akatazama saa ya mkononi. "Sasa kwa ndege sina kazi tena. Acha kofia ya kiwanda kwa mlinzi."

Ndivyo alivyomwaga unga. Okomo alimpa mkono, na Nestory akaanza kutembea kwenda Buhongwa na ule mti wa chuma begani, kila anayemjua akiuliza, "Fundi, hiyo ni nini?"

Tereza alikuwa anachambua mchele mlangoni. Aliutazama uso wa mumewe na akaelewa. Hakulaumu. Alikuwa mwanamke wa moyo mwema, na siku ile wema wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Wamekuachisha?"

"Wameniachisha."

"Pole, Baba Modesta. Waache na samaki wao. Mimi sikuwahi kuipenda kazi ile, wewe kushindana na ndege. Wauza mkaa bado wanapita, juzi mmoja ameniuliza fundi yuko wapi." Akasimama, akakung'uta kanga, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa kibanda nikafagie. Kesho unalitoa sanduku la baba, unaanza."

Nestory hakutoa ufunguo.

"Sanduku halimo," alisema.

"Halimo? Limekwenda wapi?"

Nestory akanyoosha kidole kwenye ile pampu nyembamba iliyoegemea ukuta. Tereza aliitazama pampu, akamtazama yeye, akaitazama tena. Kisha akaketi chini pale pale mlangoni, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumlilia baba yake kwa sauti kana kwamba amekufa asubuhi ile, na majirani wakatoka kuja kuuliza ni nani aliyefiwa.