Anisia anavyokiogopa kimya cha duarani

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi bado haijatoka Bugarama, na Anisia amesimama mdomoni mwa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, akiwatazama wachimbaji wanaofunga taa kwenye kofia zao. Kabla yeyote hajashika kamba, anauliza swali lake la kila siku: "Jamani, kuna aliyeona kitu huko chini jana?"

Hakuna anayejibu. Mmoja anatema mate pembeni. Mwingine anakaza mkanda ambao umeshakazwa. Agapiti, mume wa Anisia, yumo kwenye zamu hiyo, naye anatazama buti zake.

"Haya, kazi njema," anasema Anisia. Wanashuka mmoja mmoja, yeye anabaki juu.

"Hiki kimya ndicho kinachonitisha," anasema. "Hawa watu kwa maneno huwawezi, watakusimulia mechi moja kutwa nzima. Ukiwaona wamenyamaza hivi, ujue kuna jambo."

Anisia, mzaliwa wa Ushirombo, ana shahada ya ualimu iliyokaa kabatini miaka mingi ikisubiri ajira. Alikuja hapa kuhesabu mifuko ya mawe ya dhahabu. Leo ndiye msimamizi wa usalama wa duara hili la wachimbaji wadogo, na jioni, vyombo vikishaoshwa, yeye ni mwanafunzi. Kwa simu yake anasomea cheti cha uzamili cha uongozi na namna taasisi zinavyojifunza, katika chuo cha nje ambacho hajawahi kuona hata geti lake.

"Majirani walinicheka. Uongozi si wa wenye viyoyozi? Mimi naongoza matope," anasema, naye anacheka kidogo.

Kilichomsukuma kusoma hakichekeshi. Masika ya mwaka jana ukuta uliporomoka, ukamvunja mguu mchimbaji mmoja. Baadaye ikajulikana kuwa wenzake walikuwa wameona gogo limepinda, wakakaa kimya. Katika duara hili baya halitajwi, kwani wanaamini ukilitaja umeliita. Udongo ukidondoka, hawasemi umedondoka. Wanasema duara limekohoa, tena kwa kunong'ona.

Masomoni akafundishwa kutouliza nani kakosea, bali ilikuwaje. Kazi yake ya mwisho ya cheti ni kuwafanya wenzake waseme makosa bila woga. Ndipo akaanza lile swali la asubuhi, akawaapia kwamba atakayesema hataadhibiwa.

Mwanzoni waliguna tu. Kisha siku moja Nkwabi, fundi wa matimba, yaani yale magogo ya kushikilia kuta, akajitokeza, akimwita Anisia kwa jina la mwanawe. "Mama Dorah, kona ya pili kule niliruka gogo. Yalikuwa yameisha."

Duara likafungwa siku mbili, kona ikarekebishwa. Anisia anakiri kwamba alilia kwa furaha. Furaha yenyewe haikukaa. Mzee Kamili, mwenye duara, aliuliza jambo moja tu: nani huyo? Nkwabi akaambiwa akapumzike kwao Didia, na tangu hapo midomo ikafungwa.

"Niligawa ahadi isiyo yangu," anasema Anisia, machozi yakimlengalenga. "Mwenye duara ni mzee. Mimi nilimwapia mtu kwa niaba yake, na mzee mwenyewe sikumuuliza."

Kuna jambo linalomkosesha raha zaidi. Anajua magogo yaliishaje. Mzee Kamili ndiye aliyelisimamisha lori la magogo, akidai yaliyopo yanatosha. Hilo Anisia hajathubutu kumwambia mtu, wala kuliandika kwenye kazi yake ya chuo.

Mchana Agapiti anapanda kula. Kabla hajanawa, anamvuta mkewe nyuma ya kibanda cha mama lishe.

"Mama Dorah, limekohoa."

"Wapi?"

"Kona ile ile. Tangu jana."

"Tangu jana! Na asubuhi nauliza, wewe unaangalia buti?"

"Niseme mbele za watu, nimfuate Nkwabi Didia?" Agapiti anashusha sauti. "Wewe utanilinda na nini?"

Anisia anakimbilia mdomoni mwa duara na kuamuru wote wapande. Wanapouliza kulikoni, anasema kamba inakaguliwa. Ni uongo, na unamuaibisha: anasomea kuwafundisha watu kusema kweli, halafu anadanganya habari ya kamba.

Wakishatoka wote, anakaa juu ya mfuko wa mawe na kumpigia Nkwabi.

"Mwadila, Mama Dorah," sauti inaitika kwa salamu ya Kisukuma.

"Nikuombee urudi?"

Nkwabi anajibu: "Nitarudi. Ila safari hii ahadi itoke kwa mzee mwenyewe."

Jioni gari la Mzee Kamili linakaribia. Anisia ananyanyuka, anajipangusa vumbi. "'Shikamoo' itatoka vizuri," ananong'ona. "Kinachofuata ndicho kigumu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zamu imetoka kwa nini?"

"Nimewatoa mimi. Si kamba, mzee. Duara limekohoa, kona ya pili, pale magogo yalipoisha."

"Nani kasema?"

Anisia hamtaji mumewe. "Hilo swali ndilo lililotunyamazisha, mzee. Niulize magogo yaliishaje."

Wachimbaji wote wanatazama buti zao. Mzee Kamili anamkazia macho, kisha anaitazama kona ya uwanja ambako magogo hushushwa. Iko tupu.

"Kesho asubuhi nitakuja," anasema, na kupanda gari lake. Hasemi anakuja kufanya nini.

"Natamani asimame pale mdomoni, ajibu swali langu yeye kwanza," anasema Anisia njiani kurudi nyumbani. "Aseme lori alilisimamisha yeye. Wakimsikia mzee, na wao watasema. Labda anakuja kunifukuza, sijui."

Nyumbani, Agapiti ameshasafisha buti zake na kuziweka mlangoni, tayari kwa zamu ya asubuhi. Anisia anaziokota na kuzisukuma chini kabisa ya kitanda.

"Mzee akishasema," anamwambia mumewe, "nitazitoa."