Bomba Lililotoa Maji Siku ya Wageni

Niliondoka kijijini kwetu Kiegei, Nachingwea, na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Dar es Salaam mchana nilibeba mizigo ya watu, jioni nikasoma. Hakuna aliyenisomesha. Stashahada yangu ya maendeleo ya jamii nimeipata kwa mabega yangu mwenyewe, na ninalisema wazi kwa sababu niliporudi Nachingwea wapo waliodhani nimerudi kwa kushindwa. Nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma, nikaweka vigae mpaka barazani. Wakanyamaza.

Kwa hiyo ilipotafutwa mtu wa kuendesha mikutano ya wananchi katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, sikushangaa kuchaguliwa. Nchi ilikuwa inaandaa taarifa ya kueleza imefika wapi katika malengo ya maendeleo endelevu, ile inayosomwa mbele ya mataifa mengine. Safari hii yalitakiwa mambo mawili: wananchi waseme wenyewe, na wageni kutoka nchi wenzetu waje waone kwa macho yao na kutoa maoni kabla taarifa haijafungwa. Wenzangu kwenye timu walikuwa na shahada, mmoja alikuwa nazo mbili. Lakini ni mimi niliyeweza kumsalimu bibi kwa Kimakua, akacheka, akaanza kueleza mambo yake. Mwenye shahada mbili alikuwa akisubiri nimtafsirie.

Kijiji cha habari hii sitakitaja. Kiko upande wa Ruangwa, na dada yangu mkubwa ndiko alikoolewa. Tulikutana na wanawake kwenye kibaraza cha zahanati, nikatundika ukutani bango kitita langu, yale makaratasi makubwa ya kuandikia mkutanoni, nikauliza kipi kinawasumbua zaidi. Wote wakageuza shingo upande mmoja, kulikokuwa na bomba.

Pampu ilikuwa imeharibika tangu kabla ya msimu wa korosho uliopita. Tangi lilikuwa tupu. Mwanamke anayekwenda kujifungua alikwenda na khanga zake, nguo za mtoto, na ndoo mbili za maji kutoka kisimani bondeni. Asiye na ndoo, ndugu zake walishuka bondeni huku yeye akisubiri kitandani.

"Andika," dada aliniambia mbele ya wote. "Andika bomba limekauka. Usiandike changamoto."

"Ataandika Kizungu huyo, sisi tutajuaje?" alidakia jirani yake, mama mmoja wa Kiyao ambaye tunataniana. "Alitoka Kiegei na kandambili zimefungwa waya, leo ana kalamu tatu mfukoni!"

"Zote tatu zitaandika bomba lako, mtani."

Walicheka. Binti wa dada hakucheka. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, amekaa amenyoosha miguu. "Mjomba," akauliza, "litatoka maji kabla sijajifungua?"

Kwetu mtoto wa dada ni wako kabla hajawa wa baba yake, na neno la mjomba halitupwi ovyo. Nilimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Wageni wanakuja wiki ijayo. Kitu cha kwanza nitakachowaonyesha ni bomba hili. Wakiliona kavu kwa macho yao, hakuna wa kulifuta kwenye taarifa."

Nilijiona nimesema vizuri sana. Wao walichosikia ni kwamba wageni watafikia bombani.

Siku ilipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi mistari ya fagio inaonekana. Mgeni mkuu alikuwa mama mtu mzima kutoka nchi jirani, Kiswahili anakijua, daftari mkononi. Nikampeleka moja kwa moja.

"Mheshimiwa, hili ndilo bomba nililokueleza. Ni kavu tangu mwaka jana."

Akalifungua. Maji yakatoka kwa nguvu, yakamrukia viatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mgeni akanawa mikono, akanawa uso, akafunga bomba na kunitazama.

"Mbona linatoa?"

Nilizunguka nyuma ya zahanati. Ngazi ilikuwa bado imeegemezwa kwenye tangi, chini matope, ndoo zimepangwa ukutani zaidi ya nilizoweza kuzitazama mara moja. Dada alinifuata. Shingo yake ilikuwa imekaa upande na hakuweza kuigeuza.

"Mmefanya nini, dada?"

"Tumeshinda bondeni jana kutwa, mpaka wazee wamebeba. Ulitaka mgeni anawe kwa mate?"

"Nilitaka aone shida yenu!"

"Mtu ametoka nchi nyingine, anafika kwangu nimkoseshe maji? Kwenu Dar ndiyo mnapokea watu hivyo?"

Nilirudi mbele nikasema ukweli, maana mimi si mtu wa kuogopa kusema. "Mheshimiwa, maji haya yamebebwa kwa ndoo. Pampu ni mbovu."

Mgeni akawageukia wanawake. "Ni kweli, mama zangu?"

Dada akajifunga khanga vizuri, akasogea mbele, na shingo yake hivyo hivyo. "Karibu sana, mgeni wetu. Maji yapo."

"Msameheni," akasema mtani wangu. "Amekaa mjini sana, hayajui tena maji ya kwao."

Mgeni akacheka, wote wakacheka. Ilibaki hatua kumi tu nimpeleke nyuma akaione ngazi. Sikuzipiga. Kumwonyesha ile ngazi kulikuwa ni kumwita dada yangu mwongo mbele ya mgeni wake, nyumbani kwake. Nilisimama nikatazama kalamu ya mgeni ikiandika.

Rasimu ilisomwa Ruangwa mjini, kwenye ukumbi. Ilisema maji yanapatikana kwenye zahanati ya kijiji kile, kama wageni walivyoshuhudia na wananchi walivyothibitisha. Nilisimama. Nazungumza vizuri, ukumbi mzima ulinyamaza kunisikiliza. Nilieleza ngazi, ndoo, bonde. Kiongozi wa timu aliniacha nimalize.

"Ndugu yangu, wewe ni mwezeshaji, si mkazi wa pale," akasema kwa upole. "Wananchi wamesema, mgeni ameona. Tukianza kubadilisha maneno ya wananchi kwa sababu sisi tunajua zaidi, tumerudi kule kule kwa kuwasemea watu."

Maneno hayo niliwahi kuyafundisha mimi mwenyewe, nimeyaandika kwenye bango kitita. Nikaomba siku mbili nikawalete wanawake wenyewe waseme. Nikapewa.

Dada alikataa akiwa anapepeta mbaazi, hata hakuinua uso. "Nikamwambie yule mama kwamba tulimdanganya? Alinishika mikono, akaniita dada." Wengine nao wakasema wanamfuata yeye. Basi wakaniomba niwasomee kile kilichoandikwa.

Niliwasomea. Vigelegele vikaanza tena. Mtani wangu alitaka nirudie mahali ambapo kijiji kimetajwa. Nikarudia. Tangi lilikwisha kauka siku ya tatu baada ya wageni kuondoka, na kila aliyekaa pale alilijua hilo.

"Sasa, mjomba," binti wa dada akauliza, "kama tumeandikwa, pampu inakuja lini?"

Wote waliningoja nijibu. Hawakuniuliza kwa kejeli. Waliamini kabisa kwamba wageni waliopokewa vizuri hukumbuka waliowapokea.

"Nitafuatilia," nikasema.

Neno hilo nimelisikia kwa maofisa tangu nikiwa mdogo Kiegei, na nilikuwa naapa sitalitumia. Binti aliitikia, "Asante, mjomba." Mama yake aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili zenye vifuniko, akaanza kuzikagua chini kama hazivuji.