Nyumba ya Kihoto na Mgeni wa Heshima

Nitaanza na viti, kwa sababu balaa yote ilituingilia kupitia viti.

Tulikuwa watu saba hapa Nakuru, wote watu wazima, tunaojenga gari la moshi dogo. Sisemi la kununuliwa dukani likiwa ndani ya boksi. Letu ni la mikono: mabehewa ya makopo, stesheni za kadibodi, reli za spoki za baiskeli zilizolazwa juu ya mataruma ya njiti za kiberiti. Njiti ndiyo rula yetu pia. Mlango wa nyumba ukiwa na urefu wa njiti moja, basi ukuta, mti, ng'ombe na behewa vyote vinafuata kipimo hicho. Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na plasta inayobaki mezani kwangu imegeuka kuta za kreta ya Menengai mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia wateja.

Watu wakisikia hivyo hucheka. Nimezoea, ingawa sijawasamehe. Mtu anaweza kukesha akitazama wanaume wakifukuza mpira katika nchi asiyoijua, akaamka mwanamume timamu, lakini mimi nikikata dirisha dogo kwa wembe naulizwa kama nyumbani kuko sawa. Tulipokwenda kuomba ukumbi wa kanisa, mama wa ofisini alituuliza watoto watakuwa wangapi, na kama tutaleta ile nyumba ya upepo ya kurukiarukia. Nikamwambia hakuna watoto, ni sisi. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiomba.

Mashindano yenyewe yalikuwa wazo langu, na niliyataka yawe ya kirafiki kabisa. Kila mtu ajenge, kwa kuanzia patupu, kitu kimoja ambacho abiria angekiona dirishani kati ya Naivasha na Rongai. Hakuna kununua kilichokwisha kutengenezwa, isipokuwa gundi na rangi. Siku ikifika, vyote vipangwe kando ya reli moja juu ya meza, gari letu lipite, na kila mjenzi apige kura kwa kudondosha harage ndani ya kikombe kilicho mbele ya kazi ya mwenzake. Kujipigia kura mwenyewe ni marufuku. Mshindi angepata makofi na kikombe cha kwanza cha chai. Nilitamani mchana mmoja tu ambao hakuna mtu angeuza kitu wala kuomba kitu.

Ukumbi ulikuwa na meza, lakini viti vilikuwa vimekwenda harusini. Hapo ndipo mwenzetu mmoja, dalali wa mashamba mwenye sauti ya kuamsha wafu, akasema viti si shida, anamjua mtu. Mtu mwenyewe ni tajiri wa mabati, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Hajawahi kuchaguliwa hata kwenye kamati ya maji, ila watu humwita mheshimiwa ili azoee. Angetupa viti, na hata hema la kusimamishwa nje ya ukumbi, mradi awe mgeni wa heshima. Niliuliza mashindano ya watu saba yanataka mgeni wa heshima wa nini. Dalali akanieleza, kwa ule upole anaowawekea wanunuzi wagumu, kwamba mkutano bila mgeni wa heshima ni watu waliokutana tu. Nikasema ndiyo, ndivyo tulivyo. Tukapiga kura, nikashindwa.

Sasa niwaambie habari za mwalimu, maana ndiye aliyeporwa.

Mwalimu alikuwa mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, na nyumba yake ilikuwa Kihoto, kule Naivasha. Anayeijua Kihoto analijua ziwa. Maji yalipanda polepole, yakaingia chooni kwanza, halafu jikoni, mpaka siku moja akatolewa kwa mashua katika njia aliyokuwa akiipita kwa miguu kwenda dukani. Nyumba ikabaki ndani ya maji. Picha zake zote zilikuwa katika sanduku chini ya kitanda, nazo zikabaki huko. Akahamia Nakuru kwa dada yake, na Jumamosi moja akatujia, akasema hajui lolote kuhusu treni lakini kukata kadibodi anajua, amewafundisha watoto maisha yake yote.

Msimu mzima wa mvua aliijenga nyumba ile. Picha hana, ramani hana. Alikuwa akifumba macho, anahesabu kimoyomoyo hatua za kutoka mlangoni hadi kitandani, kisha anafumbua na kukata. Mlango ulikuwa wa buluu. Paa liliinuka kama kifuniko cha sufuria, na ndani ungeona meza, kabati la vikombe, na kalenda ukubwa wa ukucha. Mabati aliyakata kwenye kopo la maziwa ya unga, akayapiga mkunjo mmoja mmoja, akayaloweka katika siki na chumvi mpaka yakashika kutu. Kama kweli abiria angeweza kuiona nyumba hiyo kutoka kwenye treni, mimi sijui. Yeye alisema mwenye macho mazuri angeiona, na hakuna aliyethubutu kubisha. Alikuwa akituambia leo nimeweka dirisha la chumba cha wageni, leo nimepiga rangi sebuleni, kama mtu yeyote anayejenga plotini kwake. Ilikuwa ndiyo nyumba pekee aliyobaki nayo duniani, na sisi sote tulilijua hilo.

Siku ikafika. Mkulima wetu wa Rongai alileta ghala la mahindi lenye magunia aliyoyashona kwa uzi, kila gunia ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mgeni hakuwa ametokea saa ya kuanza, basi tukaanza bila yeye, na huo muda mfupi ndio mashindano niliyokuwa nimeyaota. Gari lilipita likinguruma kwa mota ya printa mbovu. Watu wazima walipiga magoti kando ya meza ili waone kwa jicho la abiria, na mbele ya nyumba ya Kihoto walikaa magotini zaidi. Maharage yalipomwagwa, mwalimu alikuwa ametuacha mbali. Mkulima wa Rongai, ambaye nadhani alikuwa amejipa ushindi tangu nyumbani, ndiye aliyemmiminia chai.

Ndipo mgeni akaingia, na watu wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, na nitawaambia mwenyeji alipona nini. Alihutubia kwa kirefu juu ya vijana, na pale kijana wetu wa mwisho ana mvi. Alitupongeza kwa kuwaepusha watoto na dawa za kulevya. Meza hakuitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti alichotuletea yeye, kwa hivyo nikanyamaza, lakini meno yangu mwenyewe yalikuwa yanasagana.

Kwetu mgeni wa heshima haachwi aondoke mikono mitupu. Tulikuwa tumekubaliana tumvike shuka la Kimasai. Dalali, aliyekuwa amejifanya msema chochote wa siku hiyo, alidhani mtunza hazina wetu amelinunua, na mtunza hazina alidhani dalali amelinunua. Niliwaona wakinong'onezana nyuma ya hema, mmoja akifungua mikono kuonyesha hana kitu. Nilifikiri watamwomba mgeni radhi kama binadamu. Badala yake dalali akarudi kwenye maikrofoni na jasho usoni. Akasema mkono mtupu haulambwi. Akasema kutoa ni moyo wala si utajiri, bila kutaja ni moyo wa nani. Kisha akaiinua nyumba ya mwalimu kutoka mezani kwa mikono miwili, kama anaandaa sinia ya pilau.

"Mheshimiwa," akasema, "kwa niaba ya mshindi wetu, pokea hii nyumba."

Watu wakapiga makofi. Hebu fikiria hilo: mtu ashinde, na zawadi ya kushinda iwe kunyang'anywa. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, pale ambapo nyumba ilikuwa imekaa, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu ambalo tumefundishwa wote kuwavalia wageni. Utamnyima vipi mgeni mbele za watu? Hakuna aliyetufunza maneno ya kufanya hivyo. Mimi nilisimama, nikasema kwa sauti kwamba kile kitu kina mwenyewe na mwenyewe hajaulizwa. Dalali akacheka ndani ya maikrofoni, akatangaza kwamba daktari wetu wa meno amesimama kutoa shukrani, na ishara yake moja ikafanya muziki ufunguliwe. Nilipofika mbele, dereva wa mgeni alikuwa tayari ameipakia nyumba nyuma ya gari, kati ya spea tairi na katoni ya soda.

Jioni hiyo nilimkabili dalali tukiwa tunakunja meza. Alishangaa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alishangaa kweli. Alisema alikuwa ametuokoa na aibu. Alisema mgeni kama yule anakumbuka.

"Daktari, hiyo ni kadibodi," akaniambia. "Si atajenga ingine?"

Nilimjibu kwamba hata ile ya kwanza huko Kihoto kuna watu walisema ni mabati tu. Nikaongeza maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa na ambayo sijutii hata moja.

Baada ya wiki moja mwalimu alinipigia simu. Aliniuliza kama nalijua duka la yule tajiri. Nikamwambia nalijua. Akasema basi tupatane kesho asubuhi, na nisivae koti la kazi.

Hatukuhitaji kuitafuta nyumba. Ilikuwa kwenye kaunta ya mbele, mahali pa heshima kabisa, na sikuitambua mara moja kwa sababu ilikuwa inang'aa. Walikuwa wamelipaka paa rangi ya maruni. Juu yake walikuwa wamegandisha karatasi ya bei, na mfanyakazi alikuwa akiliinua kumwonyesha mteja jinsi maruni inavyokubaliana na ukuta wa krimu. Ile kalenda ya ukubwa wa ukucha ilikuwa imelala sakafuni mwa nyumba.

Tajiri mwenyewe alitoka ofisini, akamtambua mwalimu, akafurahi. Nasema alifurahi, kwa sababu siwezi kumsingizia. Alidhani tumekuja kushukuru.

"Mathe, umeona?" akasema. "Tumekuwekea mabati mpya. Na hatukulipishi."

Nilikuwa nimekuja na hotuba tayari. Mwalimu akaniwekea mkono kwenye mkono wa shati, nikaimeza.

"Nyumba yangu ilikuwa na kutu," akasema.

Tajiri akacheka, akangoja mwalimu acheke pia, lakini hakucheka. Mwalimu akamweleza, kwa sauti ambayo watoto wa darasa la tatu lazima waliijua vizuri, kwamba yeye hakumpa kitu. Waliompa ni watu waliokuwa wanamwogopa, na walichompa hakikuwa chao. Nyumba yenyewe iko ndani ya ziwa, na hii ndiyo iliyobaki. Mteja wa maruni aliirudisha mikono yake mfukoni.

Tajiri alisema pole, hakuna shida, achukue tu, hata atamtafutia katoni nzuri ya kubebea.

"Nitaichukua," mwalimu akasema. "Lakini vile ilikuwa."

Akaenda kwenye benchi ya wateja, akakaa, akaweka mkoba mapajani, akangoja.

Tajiri alimtafuta mfanyakazi wake kwa macho, lakini mfanyakazi alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akipanga misumari iliyokuwa imepangika. Alinitazama mimi. Nilitazama bei za saruji ukutani. Mwishowe mheshimiwa akakunja mikono ya shati, akafungua kopo la thinner, dawa ya kuyeyusha rangi, kwenye rafu yake mwenyewe, akachovya kitambaa na kuanza kusugua. Wateja wakasogea. Rangi ilitoka polepole, na chini yake kutu ikaanza kuonekana, mkunjo kwa mkunjo. Alipomaliza akamletea mwalimu paa benchini kwa mikono miwili. Mwalimu akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga wa mlango kama anayesahihisha daftari, akamrudishia.

"Bado. Hapa juu ya jikoni kulikuwa na shimo. Mmeziba."

"Shimo?" Tajiri aliangalia lile paa, akamwangalia yeye. "Sasa nitoboe, mathe?"

"Toboa."

Akachukua msumari na nyundo. Ilimbidi apige kidogokidogo, asije akalipasua bati lote, na jasho lilikuwa linamtiririka. Mwalimu alisimama karibu naye mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Kisha akalichukua paa, akaifunika nyumba yake, akainama na kuchungulia ndani kupitia mlango wa buluu.

"Hapo sawa," akasema. "Hapo ndio nilikuwa naweka sufuria, mvua ikinyesha."