Fundi rangi aliyetishwa na juisi ya mkewe

Saa mbili asubuhi, fundi rangi anabandika magazeti ya zamani kwenye vioo vya gari dogo jeupe, pembe kwa pembe, rangi isipenye. Gereji nzima inamwita Msasa, kwa jinsi anavyosugua bati mpaka mwenye gari aanze kunung'unika.

Kando yake iko barakoa nzito yenye vichujio. Kwa miaka mingi ilining'inia tu msumarini, naye akapulizia rangi kwa kujifunga kitambaa puani.

"Ilikuwa inanibana pumzi," ananiambia. "Halafu nyumbani nilikuwa na kinga yangu."

Kinga yenyewe ilikuwa juisi. Mkewe alisikia redioni kwamba matunda na mboga zenye rangi kali zina viini vinavyosaidia kulinda seli za mwili dhidi ya kemikali zinazoleta saratani. Tangu hapo, kila jioni bilauri ya machungwa na karoti ilimngoja mumewe mezani. Baadaye mama huyo akaongeza bitiruti, asimwambie mtu.

Asubuhi moja Msasa aliingia chooni. Mkojo ulikuwa mwekundu.

"Nikajua thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, imeshanimaliza," anasema. "Nikanyamaza. Ningemwambiaje mama watoto?"

Akakonda kwa mawazo. Mkewe, kuona mume anapukutika, akazidisha juisi, na wekundu nao ukazidi. Mwishowe Msasa akakumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda hospitali.

Daktari alipima, hakukuta damu. Akauliza jana alikula na kunywa nini. Juisi, alijibu Msasa, lakini ya nini hasa hakujua. Ikabidi mkewe apigiwe simu.

"Bitiruti," alijibu mama. "Kwani vipi?"

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema Msasa. "Na kulia kwenyewe, dada, kulikuwa kulia kweli."

Daktari alitabasamu, kisha akamwambia ukweli: juisi ni nzuri, aendelee nayo, ila haiwezi kufuta sumu anayoivuta kutwa nzima. Kinga ya kwanza ni kutoivuta.

Sasa Msasa anapanga kujenga chumba cha kupulizia rangi chenye feni ya kutoa mvuke nje, ili na mafundi wenzake wapumue. Mkewe hajaacha kusaga. "Siku hizi namtajia kilichomo kabla hajanywa," anasema.

Msasa anakagua kioo cha mwisho, kisha anachukua barakoa yake.

"Gari la mtu nalifunika tone lisiingie," anasema. "Mwenyewe nilikuwa wazi miaka yote."

Anakaza mikanda, anawasha pampu.