Hakuna Kuondoka Kabla ya Tone

Jamani, bado nabisha. Juzi asubuhi nimepigiwa simu kwamba Mwalimu Somoe amefariki, nikajibu, "Haiwezekani, mvua haijanyesha." Aliyenipigia akadhani nimechanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Ngojeni niwaeleze, maana huyu mtu mlipaswa kumjua.

Mimi Upendo ni wa Njombe. Katikati ya miaka ya tisini nikapangiwa kufundisha shule ya msingi huko kata ya Chiola, Nachingwea, nikashuka na masweta mawili na koti. Jua likanipokea. Wiki ya kwanza tu nikaandika barua ya kuomba transfer.

Somoe alikuwa na darasa la tatu, meza yake inatazamana na yangu. Akaiona ile barua. Hakunishauri wala kunibembeleza, akainuka akaenda kusoma kalenda ya ukutani kama anakagua lesson plan.

"Mdogo wangu, hebu tazama. Kutoka Nanenane mpaka Siku ya Uhuru, ukitoa Jumapili, hakuna namba nyekundu hata moja. Nani atakaa mahali hana cha kusubiri?" Akachukua biki nyekundu.

Hapo ndipo zilipoanza sikukuu zetu.

Ya kwanza niliisababisha mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuona korosho mtini. Nikaichuma, nikaing'ata na ganda lake. Watu wa kusini najua mnacheka tayari. Yale mafuta ya ganda yalinibabua, midomo ikavimba, nikafundisha hesabu siku mbili kwa kuonyesha ubao na fimbo.

Mwaka uliofuata, tarehe ileile, nakuta imezungushiwa wekundu: Siku ya Midomo ya Upendo. Staff nzima wamebinua midomo, mpaka mwalimu mkuu, na salamu zote ni za kubinua. Nilinuna mpaka saa nne, halafu nikashindwa.

Kulikuwa na Siku ya Bibo la Kwanza, lile tunda la mkorosho. Mtu unakuja na bibo lako, mnakula wote kwa pamoja. Sikuambiwa kwamba maji ya bibo hayatoki kwenye nguo, nikaja na blauzi nyeupe. Ninayo mpaka leo, na madoa yake.

Oktoba ikapata Siku ya Kutotaja Joto. Ukilitaja, unakwenda kisimani kuteka ndoo moja. Saa mbili asubuhi mwalimu mkuu akaingia anajifuta shingo: "Walimu, leo joto limezidi." Somoe akamsogezea ndoo. Mkuu wetu alikwenda na tai yake shingoni, watoto wakamsindikiza kwa nyimbo.

Na Siku ya Kununua Usichokihitaji. Jumamosi moja tukaenda sokoni Ruangwa, Somoe akarudi na kengele ya baiskeli. Baiskeli hana. Ndiyo ikawa kengele ya staff meeting miaka yote, ukizidisha maneno anakupigia.

Sasa sikilizeni hii.

Mwaka wangu wa tatu transfer ikatoka. Nirudi nyumbani Njombe, kwenye baridi yangu. Nikafunga begi siku hiyohiyo. Nikaenda kumuaga Somoe, nimejiandaa kwa machozi.

Akaniambia, "Nenda salama, mdogo wangu. Ila huwezi kuondoka kabla ya Tone."

"Tone ndiyo nini?"

"Sikukuu. Tone la kwanza la mvua. Hii haina tarehe, inasubiriwa kama mwandamo. Hakuna mwalimu anayehama kabla ya Tone, ni sheria."

Sheria kaitunga palepale, mlangoni kwake, ameshika mwiko. Lakini nikasema sawa, siku chache si kitu.

Mvua ikachelewa. Nyie, mvua ilichelewa mwaka ule. Kila asubuhi mimi na begi langu tunaangalia mawingu. Nikaanza kusahihisha madaftari, kwa kuwa nipo. Nikaanza kumfuatilia mtoto mmoja asiyejua kusoma, kwa kuwa nipo. Akasoma.

Tone likaanguka mchana, vipindi vinaendelea. Somoe akapiga kengele ya baiskeli, shule nzima tukatoka nje tumekinga mikono. Ile harufu ya vumbi na maji, na yeye katikati amefunga kanga kiunoni anacheza na wanafunzi wake. Nililia kwa furaha, nawaambieni ukweli.

Jioni ile nikafungua begi nikatoa nguo. Kesho yake nikaandika barua nyingine, ya kuomba kubaki. Nimebaki mpaka nimestaafia hapa Nachingwea.

Jana tumemzika Ruangwa. Mumewe akaniita pembeni, akanionyesha kalenda za zamani, kaziviringisha na kuzifunga kwa uzi. "Shemeji, tazama hii ya kabla hujaja." Nikatazama. Hakuna wekundu wa biki popote. "Huyu hata siku yake ya kuzaliwa alikuwa anaisahau," akasema. "Zote hizi zilikuwa za kukuzuia wewe."

Miaka yote nilidhani ni michezo yake tu ya kuchangamsha shule. Kumbe nilikuwa nazuiwa, siku moja moja, mpaka nikawa mtu wa hapa.

Kalenda ya mwaka huu ipo ukutani kwao. Pembeni ya Novemba ameandika kwa biki nyekundu: Tone. Upendo aje na ile blauzi.

Nitakuja nayo, dada. Nitakuja na kengele pia, shemeji amenipa.

Ila nina neno na wewe. Mimi ulinishika nisiondoke, nimefunga begi, barua ninayo mkononi. Wewe umehama mawingu hata hayajakusanyika. Umevunja sheria yako mwenyewe, dada Somoe, na hakukuwa na mtu wa kukuzuia mlangoni.

Haya, lala mama, lala bila wasiwasi. Tone likianguka, nitakinga mikono miwili: mmoja wangu, mmoja wako.